Usikalibreti Uchafu: Mwongozo Kamili wa Kuifanya Ditekta ya Eksirei Iaminike

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi, liwe linatoka Himo, Usa River au hapa Moshi mjini, ni hili: "Fundi, picha zilikuwa na doa jeupe. Nimefanya kalibresheni, doa likaondoka, sasa kuna jeusi pale pale. Ditekta imekufa?"

Mara nyingi haijafa. Imefundishwa vibaya.

Ditekta ndiyo kamera ya mashine ya eksirei, lile bamba la sentimita 35 kwa 43 linalokaa chini ya mgonjwa au kwenye stendi ya kifua. Kalibresheni haisafishi chochote ndani yake. Inaiambia programu: mwanga wa kawaida uko hivi, kuanzia leo kila picha isahihishwe kwa kufuata huu. Ukiibonyeza wakati kuna tone la POP (plasta ya kufungia mifupa) limekaukia kwenye kioo cha kolimeta, kile kisanduku kinachobana upana wa mionzi inapotoka kwenye tyubu, programu inajifunza kwamba kivuli cha tone hilo ni sehemu ya mwanga. Siku tone likifutwa, programu inaendelea kuongeza mwanga mahali ambapo haupungui tena, na doa jeusi linazaliwa. Utalifuta kwa spiriti mpaka mkono uchoke.

Ndiyo maana mpangilio wa hatua hizi una uzito kuliko hatua zenyewe. Usiruke.

Jambo moja kabla ya kuanza. Kupiga mionzi, hata bila mgonjwa chumbani, ni kazi ya mwenye sifa, kwenye chumba kinachotambuliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC). Hatua ya 1 hadi ya 3 hazihitaji mionzi, na fundi yeyote wa kituo anaweza kuzifanya. Kuanzia ya 4, mtaalamu wa mionzi awepo.

Andaa hivi kwanza

- Kitabu cha mtengenezaji wa ditekta yako. Popote namba zake zinapotofautiana na zangu, fuata zake.
- Maltimita.
- Kipimajoto na kipima unyevu vya kutundika ukutani.
- Spiriti ya asilimia 70, vitambaa laini visivyoacha nyuzi, na glavu.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Bamba safi la alumini lenye unene wa milimita 20 hivi, au la shaba kama kitabu chako kinataka shaba. Lisiwe na mashimo wala mikwaruzo mirefu.
- UPS kwa ajili ya kompyuta, chaja ya ditekta na ruta.
- Sarafu moja na selotepu.
- Flashi yenye nafasi.
- Kaunta buku na kalamu. Usiandike kwenye simu. Simu huondoka na mwenyewe akihama kituo.
- Aproni ya risasi na beji ya kupimia mionzi.

Tenga saa tatu zisizo na foleni. Kazi hii ikifanywa huku wagonjwa wanagonga mlango, utaruka hatua ya kupasha joto, na hiyo ndiyo inayoharibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 1: Tuliza umeme

Umeme wetu kwa kawaida ni volti 230. Pima kwenye soketi ya kompyuta asubuhi, saa sita mchana na jioni, na uandike. Pima pia kati ya nyutro na ethi. Ukikuta zaidi ya volti 2 au 3 hapo, mwite fundi umeme akague ethi kabla hujagusa ditekta.

Sababu ni kwamba ditekta inasoma chaji ndogo mno kutoka kwenye pikseli zaidi ya milioni 7, mstari kwa mstari. Ethi mbovu huingiza kelele ndani ya usomaji huo, nawe unaona mistari ya mlalo inayobadilika kila picha. Watu wameagiza ditekta mpya kwa sababu ya mistari hiyo, kumbe tatizo liko kwenye fimbo ya ethi iliyooza nje ya ukuta.

Weka kompyuta, chaja na ruta kwenye UPS. Tahadhari: usijaribu kuchomeka jenereta ya tyubu ya eksirei kwenye UPS hiyo hiyo. Tyubu inapopiga huvuta kilowati nyingi kwa mara moja, na UPS ndogo inaweza kuungua.

Umefaulu ukiweza kuzima swichi kuu ya chumba na kompyuta isijizime, ditekta isipoteze mawasiliano. Fanya jaribio hili kweli. Kuiona UPS imewasha taa ya kijani hakutoshi, maana betri yake inaweza kuwa imekwisha tangu mwaka juzi.

Hatua ya 2: Joto na unyevu

Arusha asubuhi ya Julai na Moshi alasiri ya Februari ni kama nchi mbili tofauti, na ditekta inazitambua zote mbili. Hata bila mionzi, kila pikseli huvujisha umeme kidogo, na uvujaji huo huongezeka joto linapopanda. Kalibresheni iliyofanywa bamba likiwa baridi haitafaa bamba likishapata moto wa kazi.

Washa ditekta na uiache iwake angalau dakika 30 kabla ya kalibresheni yoyote. Chumba kiwe kwenye joto lile lile mnalofanyia kazi kila siku. Ukiwasha kiyoyozi kwa ajili ya kalibresheni tu, halafu kesho kikazimwa kuokoa luku, umepoteza muda wako.

Unyevu ni adui wa aina nyingine. Ditekta nyingi zina tabaka la sesiamu ayodaidi, ambalo huwaka mwanga likipigwa na mionzi, na kemikali hii hunywa maji. Kiwandani huzibwa vizuri, lakini ikishaanguka mara moja, kingo zinaweza kuachia. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, angalia kipima unyevu kila asubuhi na ulinganishe na kikomo cha kitabu chako.

Jihadhari na jasho la bamba. Ukiitoa ditekta kwenye gari lililolala nje usiku kule Ngaramtoni na kuiingiza kwenye chumba chenye joto, maji hujitengeneza juu yake kama kwenye chupa ya soda. Iache ndani ya sanduku lake lililofungwa kwa saa moja au zaidi, izoee joto la chumba, ndipo uifungue.

Umefaulu kama namba ya joto la ditekta kwenye programu imetulia, haipandi tena kwa dakika 10.

Hatua ya 3: Usafi, kwa macho na kwa tochi

Zima ditekta; ukimaliza usafi, iwashe tena na uiache ipate joto kama kwenye hatua ya 2. Lowesha kitambaa kwa spiriti, kikamue, ndipo ufute. Usimwage wala kupulizia spiriti moja kwa moja kwenye bamba, kwa sababu itapenya kwenye maungio. Usitumie jiki, klorini hula chuma cha plagi.

Sasa fuata njia nzima ya mionzi kutoka juu hadi chini:

- Kioo cha kolimeta. Mulika kwa tochi kutoka pembeni, si kutoka mbele. Ukimulika kutoka mbele hutaona kitu.
- Uso wa juu wa meza, na hasa upande wake wa chini.
- Gridi (kichujio cha mionzi iliyotawanyika), pande zote mbili.
- Droo inayobeba ditekta.
- Ditekta yenyewe.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza sehemu zilizojificha chini ya meza. Kliniki moja hapa Moshi iliniita kwa sababu picha za tumbo zilikuwa na kinundu cheupe karibu na figo ya kulia. Wagonjwa wanne, kinundu kile kile. Daktari alikuwa ameanza kumwandikia wa tatu vipimo vya mawe ya figo, akashtuka alipomwona wa nne. Nilivuta droo nikamulika. Kwenye kifuniko cha ditekta kulikuwa na tone la dawa ya kung'arisha mishipa, limekauka, dogo kama punje ya mtama, halionekani ukisimama wima. Dawa hiyo ina ayodini, nayo huzuia mionzi kama mfupa unavyozuia.

Wiki mbili kabla, mimi mwenyewe nilifika pale nikiwa na haraka ya kurudi Arusha, nikafuta kioo cha kolimeta pekee na kuondoka. Wagonjwa wale wanne walipigwa picha baada ya mimi kuondoka. Tangu siku hiyo sifungi begi kabla sijalala chali sakafuni na kumulika meza kutoka chini.

Umefaulu kama umepitisha tochi kwenye nyuso zote hizo na umeandika kwenye kaunta buku ulichokuta, hata kama ni "hakuna kitu".

Hatua ya 4: Jua doa ni la nani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma taratibu.

Bandika sarafu kwa selotepu kwenye kona moja ya ditekta. Piga picha ya mwanga mtupu (mionzi bila kitu njiani), dozi ndogo, bila mgonjwa. Kisha izungushe ditekta nyuzi 180 chini ya tyubu ile ile, usiguse kitu kingine, sarafu ibaki kwenye kona yake. Piga tena.

Linganisha picha mbili. Kumbuka kwamba picha hufuata ditekta, haifuati chumba. Sarafu itabaki kona ile ile ya picha kwa sababu imebandikwa kwenye ditekta. (Kama programu yako inageuza picha yenyewe, sarafu ndiyo itakayokujulisha.) Kwa hiyo:

- Doa likibaki mahali pale pale kwa kulinganisha na sarafu, ni la ditekta au la kalibresheni yake ya zamani.
- Doa likihamia upande wa pili, liko nje ya ditekta: tyubu, kolimeta, meza au gridi.

Kichwani wengi hufikiri kinyume: "nimegeuza bamba, doa limehama, basi ni la bamba." Nimeona ditekta ikirudishwa kwa msambazaji kwa hesabu hiyo, ikakaa huko wiki sita, ikarudi ikiwa nzima kama ilivyoondoka, na doa likapokelewa tena pale pale.

Doa likiwa la nje, unaweza kulisogelea zaidi. Sogeza tyubu juu kwa sentimita 30. Kivuli cha kitu kilichoko kwenye kolimeta kitabadilika sana ukubwa na kitaonekana na kingo zenye ukungu. Kivuli cha kitu kilichoko karibu na ditekta kitakuwa na kingo kali na hakitabadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Usiende hatua ya 5 kabla madoa yote ya nje hayajaisha.

Hatua ya 5: Picha ya giza

Funga kolimeta, usipige mionzi, iagize ditekta isome. Ditekta nyingi za kisasa hufanya hivi zenyewe, lakini wewe itazame picha hiyo kwa macho yako. Bana ukomo wa weusi na weupe kwenye skrini hadi tofauti ndogo zionekane.

Ukiona kivuli cha kifua au mkono, ni masalia ya picha ya mwisho. Ditekta bado "inakumbuka". Subiri dakika 15, rudia. Ukiona mistari inayotembea, rudi hatua ya 1. Ukiona kona moja inang'aa kuliko nyingine, bamba halijapata joto sawasawa, au kuna kiyoyozi kinaipuliza upande mmoja.

Umefaulu kama picha mbili za giza, zilizopishana dakika 10, zinafanana.

Hatua ya 6: Kalibresheni ya mwanga

Sasa ndipo unapobonyeza kile kitufe.

Toa gridi. Iondoe ditekta mezani, iweke chini ya tyubu moja kwa moja. Fungua kolimeta yote hadi mwanga uvuke kingo za bamba pande zote. Weka alumini mbele ya kolimeta, karibu na tyubu; ikiwa karibu huko, mikwaruzo yake midogo hufifia isiache alama.

Umbali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kona ya ditekta iko mbali na tyubu kuliko kati yake, kwa hiyo hupata mwanga mdogo. Kwa umbali wa sentimita 100, tofauti hiyo ni takriban asilimia 7. Kwa sentimita 180 inashuka hadi asilimia 2 na kitu. Kama kitabu chako kinakuachia uchague, chagua umbali mrefu.

Mahali pengi huanza na kV (nguvu ya mionzi) 70. Panga mAs (wingi wa mionzi) ili mwanga usijaze ditekta. Kwa ditekta ya biti 14, namba ya juu kabisa ni 16,383; ukikuta sehemu ya picha imeganda kwenye namba hiyo, umezidisha, na kalibresheni itakuwa ya uongo. Lenga katikati, au pale programu inapokuonyesha.

Watoke wote. Simama nyuma ya kinga. Piga idadi ya picha ambazo programu inataka, ukiacha muda kati yake, si chap chap kama unakimbizwa, ili tyubu ipoe na masalia yatoke.

Kabla ya kukubali matokeo, fungua picha ghafi moja uitazame. Kubali tu kama haina kivuli chochote kinachotambulika. Hapo ndipo kuna fursa ya mwisho ya kuuona uchafu kabla haujaandikwa kwenye kumbukumbu ya mashine.

Mkishakubali, nakili mafaili ya kalibresheni kwenye flashi, pamoja na namba ya usajili ya ditekta. Kompyuta ikipigwa na virusi na kuwekwa programu upya, bila mafaili hayo utaanza moja.

Hatua ya 7: Pikseli mbovu

Kila ditekta ina pikseli zilizokufa, hata mpya. Programu huziweka kwenye ramani na kuziziba kwa kutumia jirani zake. Iagize isasishe ramani, kisha andika idadi.

Idadi yenyewe hainitishi. Kinachonitisha ni pikseli zilizokufa zikiwa kundi, au kundi linalokua mwezi hadi mwezi kuanzia ukingoni. Hiyo ni dalili ya kuanguka au ya unyevu, na kuziba hakutasaidia, kwa sababu jirani wa kukopa taarifa hayupo. Kundi likikaa eneo la mapafu, nundu ndogo inaweza kupotea humo. Acha kutumia ditekta hiyo kwa vifua na umwite msambazaji.

Hatua ya 8: Hakikisha, kisha uweke msingi

Piga picha moja ya mwanga mtupu kwa mpangilio utakaourudia kila Jumatatu: umbali ule ule, kV ile ile, mAs ile ile, alumini ile ile. Andika namba ya EI inayotokea, yaani kipimo cha mionzi iliyofika kwenye ditekta. Huo ndio msingi wako.

Kila Jumatatu rudia. EI ikihama kwa zaidi ya asilimia 20, tafuta sababu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Inaweza kuwa ditekta, inaweza kuwa tyubu imechoka.

Kwenye picha za wagonjwa, angalia DI, namba inayoonyesha EI imepishana kiasi gani na lengo. Sifuri ni sawasawa na lengo. Ikionyesha 3, dozi imekuwa mara mbili ya lengo. Ikionyesha hasi 3, imekuwa nusu. DI ikisoma 3 wiki nzima, picha zitaonekana nzuri sana, na hapo ndipo hatari ilipo: mgonjwa anabeba mionzi ambayo hakuna aliyeiona.

Matumizi ya kila siku yanayoua ditekta

Miguu ya kusimama. Mgonjwa asikanyage ditekta bila kifuniko cha kubebea uzito. Kisigino huweka uzito wote sehemu ndogo, na kikomo cha sehemu ndogo huwa chini kuliko cha bamba zima.

Safari. Wanaobeba ditekta kwenda kupima kifua kikuu Mererani, Longido au Rombo: sanduku gumu lenye sponji, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, likae kwenye kiti na kufungwa mkanda. Nyuma ya gari, juu ya tairi ya akiba, barabara ya changarawe hulitikisa saa tatu mfululizo. Mkifika, rudia hatua ya 5 kabla ya kuita foleni.

Betri. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Ukiona imevimba hata kidogo, iondoe siku hiyo hiyo. Betri iliyovimba husukuma bamba kutoka ndani.

Wi-Fi. Picha ikikwama njiani, usimpige mgonjwa tena. Ditekta nyingi hushikilia picha ya mwisho ndani yake. Isogeze karibu na ruta au ichomeke kwa waya, tumia kitufe cha kurejesha picha, subiri. Nimekuta mama mjamzito akiandaliwa kwa picha ya pili wakati ya kwanza ilikuwa bado ndani ya bamba, inasubiri mtandao. Ipe ditekta ruta yake yenyewe, isichangie na simu za watu wa foleni.

Ukimwita msambazaji

Usifungue bamba mwenyewe, hata kama skrubu zinaonekana. Mtumie vitu hivi kwa mara moja: namba ya usajili, picha mbili za sarafu, picha ya giza, picha ghafi ya mwanga, idadi ya pikseli mbovu kwa miezi mitatu, kumbukumbu ya mishtuko kama ditekta yako inaihifadhi, na vipimo vyako vya volti. Akivipata, hana sababu ya kukuambia "jaribu kufanya kalibresheni kwanza".